Deni la taifa: tuonyesheni karatasi

Mwezi Machi 2025 deni la Serikali ya Tanzania lilikuwa shilingi trilioni 107.70. Hayo si maneno ya kijiweni. Yalisomwa bungeni Juni mwaka huo kwenye hotuba ya bajeti. Trilioni 72.94 tunadaiwa na watu wa nje na trilioni 34.76 tunadaiwa humu humu ndani. Bajeti ya 2025/26 ina jumla ya trilioni 56.49, na zaidi ya trilioni 14 kati ya hizo zimetengwa kulipa deni. Yaani katika kila shilingi nne ambazo Serikali imepanga kutumia, moja ina mwenyewe tayari. Na kwa kuwa bajeti hiyo hiyo ina fungu la mikopo mipya, tunakopa huku tunalipa.

Anayelipa ni mwendesha bodaboda wa Mtendeli, wilayani Kakonko mkoani Kigoma, anayenunua petroli yenye tozo ndani yake. Ni mwenye duka wa Kibondo na mama wa Kasulu anayemtumia mwanawe pesa ya matumizi kwa simu. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba ilipofika Septemba Serikali ilizipunguza kwa asilimia 30. Watu walikuwa wameelewa haraka kuliko viongozi walivyodhani: fedha ya Serikali hutoka mifukoni mwao.

Ndiyo maana tunasema hasira ya wananchi juu ya deni ni halali. Ila wengi wanagombania ukubwa wake, na hapo Serikali inawashinda kila mara, kwa sababu jibu inalo. Itawaambia deni ni himilivu. Itawaambia kwamba thamani ya sasa ya deni ni kama asilimia 40 ya pato la taifa, wakati ukomo ni asilimia 55. Hesabu hiyo ni ya kweli na hatuna ugomvi nayo. Lakini deni kuwa himilivu maana yake ni kwamba tutaweza kulilipa. Kama fedha yenyewe ilifanya kazi iliyokopewa, hesabu hiyo haisemi.

Kisha kuna hizi herufi. Machi 2018 kampuni ya Moody's iliipa Tanzania daraja lake la kwanza la ukopaji, B1. Agosti 2020 ikatushusha hadi B2. Machi 2024 ikaturudisha B1, na mwaka uliotangulia kampuni ya Fitch ilikuwa imetupa B+, ambayo ni daraja hilo hilo kwa jina jingine. Taarifa ya kupanda ilipokelewa kwa shangwe. Ni vizuri tuambiane B1 ni nini: ni ngazi nne chini ya mstari ambao juu yake mkopeshaji huona fedha yake iko salama. Tumepanda, ndiyo, ila bado tumo katika kundi la wanaokopeshwa kwa tahadhari na kwa riba ya juu.

Wanachama wa VICOBA hawahitaji kuelezwa sana. Kwenye kikundi inajulikana nani hurejesha kwa wakati na nani husubiri kufuatwa nyumbani, na ukubwa wa mkopo hufuata sifa hiyo. Moody's hufanya kazi ya namna hiyo kwa nchi. Tofauti ni kwamba katika kikundi anayepimwa ndiye aliyekopa na ndiye atakayelipa. Kwenye deni la taifa anayekopa ni waziri, anayepimwa ni nchi, na anayelipa ni mtu ambaye hakuwahi kuiona hata fomu ya maombi.

Sifa hiyo ya ukopaji ni kitu chepesi kuliko tunavyoambiwa. Novemba 2025, alipokuwa akiwaapisha mawaziri baada ya uchaguzi uliomwaga damu, Rais Samia Suluhu Hassan alisema yaliyotokea yameitia doa sifa ya nchi na kwamba huenda mikopo isipatikane kwa urahisi kama kipindi kilichopita. Hakukosea katika hesabu. Sisi tunaongeza tu kwamba cha kwanza kuhuzunikia siku zile kilikuwa watu waliokufa, na wakopeshaji wangeweza kusubiri zamu yao. Tunaongeza pia kwamba vijana wale wale waliokuwa barabarani ndio watakaokuwa wakikatwa kodi mikopo ya leo itakapoiva.

Tuseme na habari ya marehemu Job Ndugai. Mwishoni mwa Desemba 2021, akiwa Spika, alitaja deni lililokuwa limefika kama trilioni 70, akahoji mwendo wa kukopa, akasema ipo siku nchi itapigwa mnada. Januari 3 aliomba radhi. Januari 4 Rais alimjibu hadharani. Januari 6 akajiuzulu. Siku tatu tu kutoka kuomba radhi hadi kuacha kiti cha mhimili mzima wa dola! Mkopo uliozua mzozo ule, kama trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ulikuwa na masharti nafuu, na sehemu yake ilionekana kwa macho: madarasa 15,000 nchi nzima. Kwa mkopo ule, pengine Ndugai alichagua mfano mbaya. Lakini somo lililobaki kwa wabunge halikuwa juu ya mfano. Walijifunza kwamba kuhoji deni kunaweza kumtoa mtu kazini, na tangu hapo mjadala wa deni bungeni umekuwa wa sauti ya chini.

Sisi wa nyanda za juu za Kigoma hatuwezi kujifanya maadui wa mikopo. Barabara ya Kabingo, Kakonko, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, zaidi ya kilomita 260, inajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Aliyewahi kulala porini ndani ya basi lililozama kwenye tope, au kusafiri kwa kusindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi, haambiwi na mtu yeyote kwamba mkopo ule ulikuwa kosa. Benki hiyo hiyo mwaka 2020 iliidhinisha dola milioni 140 kwa bwawa la umeme la Malagarasi, megawati 50 hivi, katika mkoa ambao kwa miaka mingi uliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Maharage ya Kasulu na mihogo ya Kibondo hayafiki sokoni kwa hotuba. Yanahitaji lami.

Na hatujasahau kwamba deni likifutwa pia huonekana. Novemba 2001 Tanzania ilimaliza masharti ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, ikasamehewa. Mwaka uliofuata, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulijaza shule za msingi watoto ambao ada ilikuwa imewaweka nyumbani. Wengi wao leo ni watu wazima wenye kulipa kodi.

Sasa utazame upande wa pili. Katika miaka ile ile ya kusamehewa, nchi ilikopa benki ya Barclays ili kununua rada ya kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, chombo ambacho wataalamu walisema ni cha gharama kuliko mahitaji yetu. Ukweli ulitoka Uingereza, na mwaka 2012 tukarudishiwa pauni milioni 29.5 ambazo Watanzania walizibatiza jina la chenji ya rada. Mwaka 2013 tukakopa dola milioni 600 sokoni kupitia Standard Bank na benki dada yake ya Stanbic. Ada ikapandishwa kutoka asilimia 1.4 hadi 2.4. Ile asilimia moja ya nyongeza, dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya hapa nchini iitwayo EGMA, ambayo mwenyekiti wake alikuwa bosi wa mamlaka ya mapato wa wakati huo. Tulijuaje? Si kupitia Bunge letu. Ni kupitia makubaliano yaliyopitishwa na mahakama ya London Novemba 2015, ambapo benki hiyo ilikubali kulipa faini na kuturudishia dola milioni 6 na riba yake.

Mara mbili, basi, tumeujua undani wa mikopo yetu kwa sababu Waingereza walikuwa na kesi. Hilo ndilo linalotukera kuliko trilioni zote 107.

Sheria inaruhusu hali hii. Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa ushauri wa kamati ya kitaifa ya madeni, ambayo ni ya maofisa. Bunge hupitisha jumla kwenye bajeti. Mkopo mmoja mmoja hauletwi mezani. Majirani zetu wa Uganda waliandika katika ibara ya 159 ya Katiba yao ya 1995 kwamba mkopo wa Serikali lazima uidhinishwe na Bunge. Hatusemi Uganda haina deni, maana inalo, na limekuwa. Tunachosema ni kwamba mwandishi wa Kampala anaweza kukaa kwenye kiti cha bungeni akasikia mkopo fulani ukitajwa kwa jina, kiasi na riba kabla haujasainiwa. Wa Kigoma husoma kwenye taarifa ya mkopeshaji.

Riba na dola navyo ni lazima vielezwe. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, na kufikia Oktoba 2024 ilikuwa imepita 2,700. Mkopo wa dola milioni 100 ambao jana ulikuwa shilingi bilioni 230 ukawa bilioni 270 bila mtu kukopa senti. Sehemu kubwa ya deni letu la nje ni la dola. Kwa hiyo mkulima wa tangawizi asiyeshika dola maishani anabeba hatari ya dola, na hakuna aliyemwambia.

Deni la ndani nalo lina njia yake ya kufika kijijini. Serikali inapouza hatifungani za miaka 20 na 25 kwa riba ya kuvutia, benki hununua, na ni haki yake. Lakini benki inayolala usingizi mzuri kwa kuikopesha Serikali haina sababu ya kupanda hadi Mtendeli kumkopesha mwenye ekari tatu za mahindi asiye na hati ya ardhi. Huyo huachiwa mikopo ya kausha damu. Akichelewa wiki mbili, anabebewa baiskeli, redio na godoro. Watu wa hazina wanapozungumzia uhimilivu, hiyo haimo kwenye jedwali.

Na Mtendeli inajua vizuri fedha ya mbali ilivyo. Kambi ya wakimbizi wa Burundi ilifunguliwa tena pale Januari 2016, ikafungwa mwaka 2021 na watu wakahamishiwa kambi ya Nduta. Miaka ile mgawo wa chakula ulipanda na kushuka kwa kadiri wafadhili walivyochangia, na maamuzi yalifanyika katika miji ambako hakuna mtu wa Kakonko aliyealikwa. Wenyeji waliokuwa wakiwauzia wakimbizi maharage na mihogo walijua soko limekwisha pale malori yalipoanza kubeba watu. Hatutaki bajeti ya nchi iendeshwe kwa namna hiyo.

Tunachotaka hakihitaji mkopo mpya. Kila mkataba wa mkopo wa Serikali uwekwe wazi kwa Kiswahili: nani amekopesha, kiasi gani, riba gani, kwa sarafu gani, kazi gani, mwisho lini, na ada zilizolipwa kwa madalali. Ile sheria ya 1974 irekebishwe ili mkopo wa kiwango kikubwa upite bungeni kabla ya sahihi. Kila mradi wa mkopo uwe na kibao chenye takwimu hizo, kisiwe kile cha sasa chenye picha za viongozi na jina la mkandarasi tu. Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye amekwisha kuandika juu ya ada tunazolipia mikopo iliyoidhinishwa lakini haijachukuliwa, na juu ya riba tunayotozwa kwa kuchelewesha malipo ya wakandarasi, ajibiwe hadharani hoja kwa hoja. Fedha hizo mbili hazijajenga hata kalavati moja.

Kuna watakaosema mikataba ni siri ya kibiashara. Siri dhidi ya nani? Mkopeshaji anajua masharti. Mkandarasi anajua bei. Moody's hupewa takwimu anazohitaji kwa sababu bila hizo hatoi herufi. Anayefichwa ni mlipaji peke yake.

Wabunge wa Kakonko, Muhambwe, Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini waanze na jambo dogo: wamuulize Waziri bungeni barabara ya Kabingo hadi Manyovu imekopewa kiasi gani hadi leo, kwa riba gani, imechelewa kwa nini, na ucheleweshaji huo umetugharimu shilingi ngapi. Wakiogopa kilichompata Ndugai, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi yeyote wa Mtendeli kuandika barua hiyo mwenyewe, na ofisi inayopokea ina siku 30 za kujibu.