Veracruz: Mizinga Nje, Ugomvi Ndani



Inchi haianguki siku adui anapopiga mizinga. Huanza kuanguka mbele ya siku hiyo, wana wake wanapokataa kusaidiana. Tutazame bandari ya Veracruz, katika inchi ya Meksiko.

Tarehe 9 Machi 1847, jirani yao Marekani alishusha pwani askari karibu 10,000, mkubwa wao Jenerali Winfield Scott. Wakauzunguka mji upande wa bara, na merikebu zao zikafunga bahari. Ndani, Jenerali Juan Morales alikuwa na askari wasiofika 5,000. Tangu tarehe 22 mizinga ilinguruma mchana na usiku. Makonsula wa inchi za kigeni waliomba wanawake na watoto wapewe njia ya kutoka, Scott alikataa. Nyumba zikabomoka, raia wakafa pamoja na askari. Tarehe 29 mji ukakabidhiwa kwa adui.

Msaada ulikuwa wapi? Ndilo neno tunalotaka kila mtu alifikiri. Mwezi wa Januari serikali ya Meksiko ilitoa sheria ya kupata peso milioni 15 katika mali ya Kanisa, kwa gharama za vita. Wakubwa wa Kanisa wakapinga. Mwisho wa Februari vikosi vya mji mkuu viliamriwa kwenda kuilinda Veracruz. Havikwenda. Viliasi serikali, na fedha ya Kanisa ikavisaidia. Ndugu kwa ndugu wakapigana risasi barabarani, huku adui akishuka pwani pasipo wa kumzuia.

Matunda yake tunayajua. Septemba Wamarekani waliingia mji mkuu. Tarehe 2 Februari 1848 mkataba wa Guadalupe Hidalgo ulitiwa sahihi: Meksiko ikapoteza karibu nusu ya inchi yake, tukihesabu na Texas, ikapewa dola milioni 15. Siku tisa mbele ya mkataba, dhahabu ilikuwa imeonekana California, na habari haijawafikia waliotia sahihi.

Sisi tunaotoa mali chini ya udongo hatuhitaji mwalimu wa hesabu hiyo. Waliokataa kutoa milioni 15 kuilinda inchi, waliona inchi ikienda kwa milioni 15.

Hatusemi umoja peke yake ungaliizima mizinga ya Scott. Twasema watu wa Veracruz walistahili kusaidiwa, nao waliachwa. Basi kila mmoja ajiulize: ndugu zangu wakizungukwa, mimi nitatoa nini?