Fardhi ya Kuokoa Roho

Hapana taifa lisilokuwa na watu wema, wala hapana taifa ambalo wema peke yake umelitosha. Ajali itokeapo barabarani, ziwani au baharini, watu wetu hawangoji kuitwa: huacha jembe, wavu na biashara, wakakimbilia panapotoka kilio, wakiwa na mikono mitupu na mioyo iliyojaa imani. Fadhila hiyo ni kubwa, na yastahili shukurani. Walakini mwenye kulitazama jambo hili kwa insafu ataona kwamba mikono ile ile inyooshwayo kwa huruma yaweza kumzidishia majeruhi madhara, ikiwa haikutangulia kufundishwa la kutenda na la kuacha. Kwa hiyo nasema, tena nasema kwa yakini, kwamba kufunza waokozi na wahudumu wa dharura ni deni lililo shingoni mwa kila mji, kila kijiji na kila mwalo, na kwamba deni hilo limekawia mno kulipwa.

Ziwa Victoria limekwisha kutufundisha neno hili kwa bei ya machozi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imekaribia kuwasili Mwanza, ilipinduka, ikabaki ikielea juu chini, na ndani yake wamo watu walio hai, waliokuwa wakivuta hewa iliyonaswa chomboni na kugonga mabati ili wasikiwe walio nje. Waokozi, kwa nia iliyo safi, wakatoboa tumbo la meli wapate kuwafikia. Hewa iliyokuwa ikiwahuisha watu wale na kukiinua chombo ikatokea katika tundu lile, na meli ikazama pamoja nao. Msiba ule uliua mamia ya watu. Sitaji habari hii ili nimlaumu mtu yeyote, maana waliokuwapo walifanya walilodhani ni la heri. Naitaja kwa sababu ni shahidi asiyeweza kukanushwa kwamba nia njema haijui kanuni za hewa na maji mpaka ifundishwe.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na baada ya siku mbili wazamiaji wakamtoa fundi mmoja wa chombo hicho akiwa hai, kwa kuwa alipata mahali penye hewa ndani yake. Tena tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Waliotangulia kuifikia ni wavuvi katika mitumbwi yao. Abiria walitoka kwa mlango wa nyuma, na watu 24 wakanusurika, ilhali 19 walifariki, miongoni mwao marubani wote wawili. Kijana mmoja katika wavuvi wale alisifiwa na nchi nzima, akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tuzo hiyo ilikuwa haki yake. Lakini na tujiulize: ikiwa mvuvi hufika kwanza, kwa nini tungoje mpaka awe shujaa ndipo tumpe mafunzo? Laiti kila mwalo ungekuwa na vijana waliofunzwa, wenye kamba, maboya na zana za kuvunjia, ushujaa wao ungekuta maarifa yamekwisha kuwatangulia.

Elimu ninayoitaka si fumbo la wateule. Ubongo wa mwanadamu ukikosa hewa, huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6 tu, na katika muda huo ni nadra daktari kuwapo. Aliyepo ni jirani, utingo, mwalimu, au kijana wa bodaboda. Huyo afundishwe kwamba mtu aliyezimia na hapumui hukandamizwa katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikididimia kiasi cha sentimita 5 hadi 6. Kwamba damu inayobubujika huzuiwa kwa kitambaa kinachobanwa juu ya jeraha bila kufunuliwa kila mara kwa kutazama. Kwamba aliyepoteza fahamu lakini anapumua hulazwa ubavu, ulimi na matapishi visije vikamziba njia ya hewa, wala hanyweshwi maji. Afundishwe pia kwamba majeruhi wa gari habebwi kwa makwapa na miguu akatupwa nyuma ya pikapu, kwa kuwa shingo iliyovunjika yaweza kuharibika zaidi mkononi mwa mwenye kumsaidia. Isipokuwa moto au hatari nyingine imelazimisha, kichwa na shingo hushikwa vitulie, na watu kadhaa huinua kwa amri moja. Naye anayekwenda kumwokoa mwenye kuzama ajue kwamba azamaye hukamata chochote kilicho karibu, hata shingo ya mwokozi wake. Basi amtupie dumu tupu lililofungwa kamba, kabla ya kudhani kwamba ni lazima ajitose mwenyewe.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni mambo ya mataifa yenye mali, na kwamba sisi tuna watu wasiosoma vya kutosha. Hoja hiyo ilibatilishwa zamani katika mji wa Pittsburgh, Marekani. Huko, mpaka miaka ya 1960, mgonjwa wa ghafula aghalabu alichukuliwa na polisi, au na gari la kubebea maiti, bila wa kumtibu njiani. Mwaka 1967, katika mtaa wa Weusi maskini uitwao Hill District, ilianza huduma ya ambulensi iliyoitwa Freedom House. Tabibu Peter Safar, mzaliwa wa Vienna na bingwa wa elimu ya kurejesha pumzi, ambaye mwaka uliotangulia alifiwa na binti yake kwa ugonjwa wa pumu, akawatwaa vijana wa mtaa ule, wengi wao hawana kazi na baadhi yao hawakumaliza shule, akawafunza kwa muda wa saa 300 hivi. Vijana wale waliodharauliwa wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini mwao kumtibu mgonjwa palepale alipoanguka na njiani, kabla hajafika hospitali. Huduma yao ilifungwa mwaka 1975 mji ulipoanzisha ya kwake, lakini mfano wao ulikwisha kuenea. Basi kilichokosekana kwa vijana wale kabla ya hapo hakikuwa akili. Kilikuwa mwalimu na fursa.

Kwetu Tanzania nako msingi umewekwa. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na madaktari wakaanza kusomea ubingwa wa fani hiyo nchini. Mpango wa m-mama nao huwaunganisha wajawazito, wazazi na watoto wachanga wenye hali ya hatari na magari ya wagonjwa, na yasipopatikana, na madereva wa jamii, kwa simu namba 115. Yote mawili ni ya kusifiwa. Lakini daktari bingwa humtibu aliyefikishwa kwake akiwa hai, na gari, hata liwe jipya namna gani, ni chombo cha uchukuzi tu ikiwa ndani yake hamna ajuaye kushika jeraha na kufungua njia ya hewa.

Kwa hiyo naona mambo matatu yatendeke pamoja. Kwanza, mafunzo ya huduma ya kwanza yawe sharti kwa madereva wa mabasi na bodaboda, askari wa barabarani, manahodha na viongozi wa wavuvi, tena yarudiwe mara kwa mara, kwa kuwa mkono husahau usilolizoea. Pili, kuwe na wahudumu wa ambulensi waliosomea kazi hiyo, wenye cheo kinachotambulika na ujira wa kuwaweka kazini. Tatu, wanafunzi wa shule zetu wafundishwe kwa vitendo, juu ya sanamu na kwa bandeji mkononi, mpaka kuokoa kuwe mazoea kama kuogelea kulivyo mazoea kwa mtoto wa pwani.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Na iwe hivyo. Lakini kifo kinachokuja baada ya ajali, kwa damu ambayo kiganja kimoja kingaliizuia, kina kinga, na kinga yake ni elimu. Wazee wetu wa pwani waliijua fardhi kifaya: jambo ambalo wakilitimiza baadhi ya watu, wengine huwa wameondolewa dhima, na wakiliacha wote, dhambi huwa ya mji mzima. Huzika maiti zao kwa kanuni hiyo, wala hapana mtaa unaokubali maiti ikae bila mtu ajuaye kuiosha. Ikiwa wafu tumewawekea wajuzi katika kila mtaa, walio hai wana haki iliyo kubwa zaidi. Basi, ndugu msomaji, uliza leo mtaani kwako ni nani ajuaye kuokoa roho. Na ukijibiwa kwamba hayupo, dhima hiyo i juu yako pia: kajifunze, ukawe wa kwanza.