Daftari Litangulie Kuhariri

Katika baadhi ya vyuo vyetu vya ualimu umezuka mtindo mpya wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo humkabidhi mwenzake simu, mwenzake husimama nyuma ya darasa, na kipindi kizima hurekodiwa kwa video. Warudipo chuoni, vipande hivyo huhaririwa vikawa filamu fupi ya dakika tano au sita ya kuonyeshwa wenzao na wakufunzi. Twauunga mkono mtindo huu, kwani mwalimu hawezi kujiona afundishapo kama vile mtu asivyoweza kukiona kisogo chake. Linalotusumbua ni pengo lililopo baina ya kurekodi na kuhariri. Hapo ndipo lipasapo kuwapo daftari, na aghalabu hapana kitu.

Kujitazama kwa picha si jambo geni katika ualimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Dwight Allen na wenzake walianza kuwafunza walimu kwa vipindi vya dakika chache mbele ya wanafunzi wachache. Mwalimu alitazama mkanda wa kipindi chake, akakijadili, kisha akakifundisha tena. Wakati ule mitambo ilikuwa mizito na mikanda ilikuwa ghali, kwa hiyo kila dakika ilihesabiwa. Leo hakuna anayehesabu. Simu ya kawaida ikirekodi kwa ubora wa 1080p yaweza kutumia megabaiti 100 hivi kwa dakika, pengine zaidi. Kipindi cha dakika 40 huchukua gigabaiti nne. Wanachuo watano wakirekodi vipindi viwili viwili, tayari wana picha za saa sita na dakika 40, wala hapana hata mmoja wao awezaye kusema kwa hakika kilichomo.

Simu nayo haijui habari za somo. Nyingi hulipa faili jina la tarehe na saa tu. Kamera nyingi hutoa namba, 0001 hadi 9999, kisha huanza upya. Kamera mbili zikimwaga picha zake katika folda moja, majina hugongana, na asiye mwangalifu hufuta kazi ya mwenziwe. Faili likipitishwa WhatsApp kama video ya kawaida, hupunguzwa ubora na kupewa jina jipya, na tarehe iliyomo katika jina hilo haina uhusiano wowote na siku ya kipindi. Katika hali hiyo mhariri hana njia ila kuchagua kwa macho. Na macho hupenda nini? Hupenda mikono iliyoinuliwa, wimbo wa darasa la kwanza, chati yenye rangi, na mwalimu anayetabasamu.

Tuseme kipindi ni cha Hisabati, darasa la nne, mada ya sehemu. Katika dakika ya 12 mtoto mmoja asema kwamba moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya nne, maana nane yaishinda nne. Mwalimu ajibu "hapana", amgeukia mwingine, apata jibu sahihi, na darasa lapiga makofi. Tukio lote ni sekunde 20. Picha imetikisika, sauti ya mtoto ni ndogo, na mpiga picha alikuwa amemwelekea mwalimu. Mwenye kuchagua kwa macho atayabakiza makofi na kumtupa mtoto. Lakini kwa mwanachuo anayejifunza kazi hii, hakuna sekunde 20 zilizo bora kuliko hizo katika kipindi kizima! Mtoto yule hakusema ovyo. Alitumia kanuni aliyofundishwa juu ya namba nzima mahali isipofaa. Mwalimu alikuwa na nafasi ya kulikata chungwa vipande vinne na jingine nane, naye aliipita nafasi hiyo bila kuiona. Filamu yenye makofi peke yake si ya uwongo kwa neno lolote lililosemwa ndani yake, ila yawafundisha watazamaji uwongo.

Daftari ndilo linalomwokoa mtoto huyo. Halihitaji ufundi: daftari la mistari latosha, au jedwali la kompyuta kwa aliye nayo. Kipande kitazamwe chote, tangu mwanzo hadi mwisho, kabla ya programu ya kuhariri kufunguliwa. Liandikwe jina la faili kama lilivyotoka katika simu, jina jipya, tarehe, darasa, somo, mada na urefu. Kisha yaandikwe matukio pamoja na dakika na sekunde zake, kwa maneno yanayosema lililotendeka. "Kipande kizuri" si maelezo. Hakuna awezaye kuyatumia baada ya wiki mbili, hata aliyeyaandika. "12:40, mtoto asema 1/8 yazidi 1/4, mwalimu ampita" ni maelezo. Jina jipya lianze na mwaka, ufuate mwezi, kisha siku, mfano 20250312_D4_HISABATI_02, ili kompyuta yenyewe ivipange vipande kwa wakati wake.

Kubadili majina kufanywe mapema. Kwa kawaida programu ya kuhariri haiihifadhi video ndani yake. Hukumbuka tu mahali faili lilipo. Ukilihamisha au kulipa jina jingine ukiwa umefika katikati ya kazi, programu itakuambia kwamba faili halipo. Nakala ya pili nayo iwekwe katika chombo kingine, na asili isiguswe.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watafiti. Na iwe hivyo. Utafiti wa video ulioambatana na mtihani wa kimataifa wa TIMSS wa mwaka 1995 ulirekodi vipindi 231 vya hisabati vya darasa la nane: 100 vya Ujerumani, 50 vya Japani na 81 vya Marekani. Mazungumzo yaliandikwa, yakafungamanishwa na dakika zake katika picha, na matukio yakaainishwa. Bila kazi hiyo nzito, marundo yale yasingemfundisha mtu lolote. Mwanachuo mwenye vipindi viwili aombwa sehemu ndogo tu ya subira hiyo.

Safu moja zaidi hatuwezi kuiacha, nayo ni ya ridhaa. Waliomo katika picha ni watoto wa watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, ambayo yataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Mzazi akikataa, au mtoto akilia mbele ya kamera, ni lazima ijulikane yumo katika vipande vipi na dakika zipi. Asiye na daftari ataahidi kumwondoa, naye hajui amwondoe wapi.

Ni kweli kwamba kazi hii yala muda. Kipindi cha dakika 40 chaweza kumchukua mtu saa nzima na nusu. Jibu letu ni kwamba arekodi vipindi vichache. Wengine huzitegemea programu ziandikazo maneno yaliyosemwa. Zina faida yake, lakini katika darasa la watoto 70, mvua ikinyesha juu ya bati, hazishiki mengi, seuze kujua ni kimya kipi kilikuwa cha kufikiri na kipi cha woga.

Kwa hiyo twapendekeza kwa wakufunzi wenzetu kwamba, kuanzia mazoezi yajayo, filamu ya mwanachuo isipokewe bila daftari lake, na usahihishaji uanzie kwenye daftari. Mkufunzi achague ukurasa wowote, aulize kwa nini tukio fulani halikuingia katika filamu, naye mwanachuo aeleze.