Tanga Isiishi kwa Sifa za 1988

Ndugu zetu wa Visiwani wanaoikumbuka Malindi ya Unguja ikitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1989 watauelewa uchungu wa watu wa Tanga. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania. Tangu wakati huo mkoa huu haujaupata tena ubingwa wa ligi. Msimu wa 2015/16 timu zake zote 3 za Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT ya Handeni, zilishuka daraja kwa pamoja.

Coastal Union ilirejea mwaka 2018, na mwaka 2022 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikashindwa na Yanga kwa penalti. Lakini timu moja si mkoa.

Wapo wanaolaumu fedha za vilabu vya Dar es Salaam. Hawakosei, lakini fedha humnunua mchezaji aliyekwisha kuiva. Wa kumlea ni sisi, katika viwanja vya shule na vijiji vya Handeni na Korogwe. Kiwanja kikimegwa kwa ajili ya vibanda, kijana atajifunzia wapi?

Kwa hiyo tunazitaka halmashauri za wilaya hizo zipime viwanja vyote, ziviandikishe, na zikatae katakata kuvigawa. Maafisa michezo nao watoke ofisini, wasimamie mashindano ya shule kila mwaka. Sifa za jana hazifungi bao leo.