Faili la Terraform lisilale kwenye kompyuta ya mtu mmoja

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihamwe. Watu walielekea Sake na Rwanda wakibeba walichoweza: watoto, magodoro, bidoni za maji. Katika mji wenye kumbukumbu kama hiyo, ni ajabu kuona kampuni ikiacha daftari lake la pekee la seva ndani ya kompyuta moja, juu ya meza ya kijana mmoja.

Lakini ndivyo inavyokuwa kwa yeyote anayetumia Terraform bila kubadili kitu. Programu hii, iliyotolewa na kampuni ya Marekani HashiCorp mwaka 2014, inamwezesha fundi kuandika seva na mitandao anayotaka, kisha yenyewe inaijenga kwa mtoa huduma. Ili ikumbuke ilichojenga, inaandika kila kitu katika faili linaloitwa terraform.tfstate. Faili hilo likipotea, seva hazizimiki. Zinaendelea kufanya kazi na kulipisha kila mwezi, ila Terraform haizitambui tena. Fundi akiiamuru kazi upya, itataka kujenga nyingine kando ya zile za zamani. Kuzirudisha daftarini ni kazi ya kuchosha, na atakayeifanya ni yule yule aliyekimbia bila kompyuta yake.

Wengine wanadhani Git ndiyo dawa. Hapo wanaharibu zaidi. Maneno ya siri ya hifadhidata mara nyingi yanakaa waziwazi ndani ya faili hilo, na yakiisha kuingia katika historia ya Git, kufuta faili hakuyaondoi. Tena Git haizuii mafundi wawili kubadilisha seva zile zile kwa dakika moja. Ghala la mbali, kama S3 ya Amazon, linaweka kufuli: mmoja akifanya kazi, mwingine anangoja. Zamani kufuli hilo lilidai jedwali la pembeni, DynamoDB. Tangu toleo 1.10 la mwisho wa 2024, S3 inatosha yenyewe. Mtu awashe pia utunzaji wa matoleo ya zamani, ili faili la jana lipatikane leo likiharibika.

Na intaneti ikikatika? Swali hilo lina haki yake nchini RDC. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilifungwa kwa karibu wiki tatu. Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari, katika korongo la mto Congo, yaliharibu kebo ya WACS, ile inayotua Muanda. Lakini seva zenyewe ziko mbali. Bila intaneti hakuna cha kujenga, hata faili likiwa mkononi. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, Terraform inaacha nakala kwenye kompyuta, errored.tfstate, ya kusukumwa ghalani mtandao ukirudi. Kufuli linaweza kubaki limefungwa. Kabla ya kulivunja, fundi ampigie mwenzake simu kwanza.

Shida inayobaki ni ya ufunguo. OpenTofu, tawi lililozaliwa 2023 baada ya HashiCorp kubadili leseni, tangu toleo 1.7 la mwaka 2024 inaweza kufunga faili kwa siri kabla halijaondoka kwenye mashine. Ni vizuri sana, mradi ufunguo usiwe kwa mtu mmoja. Ukipotea, faili halisomeki tena. Akaunti ya ghala nayo ni hivyo hivyo. Mkurugenzi hahitaji kujua Terraform ili aulize kesho asubuhi: akaunti hiyo ilifunguliwa kwa barua pepe ya nani, na huyo mtu bado yuko kazini?