Gari Bovu Lirudi Barabarani

Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa miaka ya 1971 hadi 1985, ina boksi mbili za gia. Boksi ya pili hugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ikifa, gari haliendi, na mgonjwa wa masika hubebwa kwa machela.

Je, unafufua gari kama hilo? Usikimbilie kununua gia. Kwanza mwaga oili ya boksi hiyo, uipitishe kwenye kitambaa. Unga laini wa chuma ni uchakavu tu. Kipande kikubwa huenda ni jino la gia.

Sasa fungua boksi. Tazama shafti ya katikati na beringi zake. Shafti ikilika, badilisha vyote pamoja. Beringi mpya juu ya shafti mbovu haidumu. Weka na sili mpya. Panga vipuri juu ya gunia safi, kwa mfuatano. Mimi nilivichanganya siku moja, nikafungua boksi upya!

Mwisho jaza oili, lita 2 na nusu. Boksi hii ina tundu lake la oili. Wengi hulisahau.