Hukumu ya Mikahawa

Wasomi wetu wamezoea kuhukumu mkahawa kwa maneno manne: chakula kizuri, huduma mbovu. Siku nyingine maneno yale yale hupinduliwa, huduma ikawa nzuri na chakula kikawa kibovu, kisha msemaji hunyamaza kana kwamba shauri limekwisha. Mtu huyo huyo, lau angepewa shairi alihukumu, angeulizwa vina vimekaaje, mizani imepungua wapi, na neno gani limewekwa pasipo mahali pake. Na kama angejibu kwamba shairi ni zuri tu, tungemrudishia karatasi yake. Lakini juu ya sahani ya wali, ambayo mpishi aliamka alfajiri kwa ajili yake, na ambayo mhudumu aweza kufukuzwa kazi kwa sababu yake, twaridhika na neno moja. Mimi nadai kwamba hukumu ya namna hii si hukumu. Ni uvivu wa ulimi, na uvivu huo una watu unaowadhuru.

Wanaojiona wastaarabu zaidi hawatumii hata hayo maneno manne. Wao hutoa nyota. Yafaa basi tujue nyota hizo zilianzia wapi. Mwaka 1900 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, wenye kiwanda cha mipira ya magari katika mji wa Clermont-Ferrand, walitoa kitabu cha bure kwa wenye magari. Ndani yake mlikuwa na ramani, majina ya mafundi, mahali pa kupata mafuta, pa kulala na pa kula. Shabaha yao haikufichwa: mtu akisafiri sana mipira ya gari lake huchakaa, na ikichakaa hununua mingine. Mwaka 1926 kitabu kilianza kuitia mikahawa nyota, na mwaka 1931 nyota zikapangwa katika daraja tatu. Mkahawa wa nyota moja ni mzuri kwa mtu aliye njiani. Wa nyota mbili wastahili kuachiwa njia. Wa tatu wastahili kufungiwa safari yake peke yake. Maana ya nyota, kwa asili yake, ni kipimo cha barabara. Humwambia dereva aende mbali kiasi gani. Haimwambii mchuzi una nini.

Sisemi kwamba wakaguzi wa kitabu kile si hodari. Huingia bila kujitambulisha, hulipa kama mteja mwingine yeyote, nao hushikilia kwamba nyota ni ya kilichomo sahanini wala si ya mapazia. Hilo ni jambo jema la kuigwa, na ajabu ni kwamba ndilo tusiloliiga. Tumechukua nyota, tukaiacha sahani.

Wengine katika Ufaransa iyo hiyo walipendelea alama juu ya 20, kama alama za mtihani wa shule. Mwaka 2003 kitabu chenye majina ya Gault na Millau kilimshusha mpishi Bernard Loiseau wa Saulieu kutoka alama 19 hadi 17. Mwezi wa Februari mwaka ule Loiseau alijiua. Alikuwa na madeni, alikuwa na maradhi ya huzuni, na nyota zake tatu za Michelin zilikuwa hazijaondolewa. Kwa hiyo haitakuwa haki kusema kwamba alama mbili ndizo zilizomwua. Ila namwomba msomaji afikiri: 17 juu ya 20 yamwambia mpishi nini? Je, achelewe kutoa sufuria motoni au aharakishe? Aongeze siki au apunguze siagi? Mwalimu anayerudisha insha yenye alama bila neno pembeni amemnyima mwanafunzi haki yake, na mpishi naye ni mwanafunzi wa kila anayekula kwake.

Kwetu Afrika Mashariki, Jumuiya yetu ina vigezo vya kupanga hoteli na mikahawa katika daraja za nyota, nazo serikali huvitumia. Vigezo hivyo vina kazi yake. Msafiri atakaye kujua kama atapata maji ya moto na kitanda safi amesaidiwa. Kosa letu ni kudhani kwamba nyota iliyobandikwa mlangoni kwa ajili ya vyumba na lifti imekwisha kuonja pilau pia.

Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. Tutazame wali peke yake. Wali waweza kuwa na kiini, punje imelainika nje na ndani ingali ngumu. Waweza kuwa mashendea kwa kuzidi maji. Waweza kunuka moshi kwa sababu mpishi alipalia makaa juu ya kifuniko akasahau kuyatazama. Waweza kushika ukoko, na ukoko wenyewe una wapenzi wake, hata nyumba nyingine watoto huugombea. Ukiwa ni wali wa nazi, mlaji huuliza habari ya tui: je, mpishi alitia tui la kwanza, zito, liitwalo kasimile, au aliyakamua machicha mara ya tatu akatia maji meupe tu? Katika pilau huulizwa kama viungo vimekolea au vimeungua, na kama iliki imezidi ikafunika mdalasini na karafuu. Ndizi iliyopikwa kabla ya kukomaa huacha ukakasi ulimini. Samaki asiyeoshwa vema huwa na shombo, na shombo hilo si sawa na harufu ya samaki aliyeoza, ijapokuwa mgeni asiyejua bahari huyachanganya mambo haya mawili na kumharibia mpishi jina.

Tofauti hizi zina uzito, wala si pambo la kamusi. Mchuzi chapwa umekosa chumvi. Mchuzi uliochacha umelala na kuharibika. Wa kwanza hutengenezwa mezani kwa kidole kimoja cha chumvi, wa pili waweza kumlaza mtu hospitali. Anayeuita wa kwanza mbovu amemsingizia mpishi kosa la afya ya watu, na anayeuita wa pili kuwa haukunipendeza amemsitiri mpishi mwenye kosa hilo. Yote mawili ni ushahidi wa uongo, na yote mawili hutokea kila siku, kwa kuwa tumeyaacha maneno yetu jikoni kwa bibi zetu tukaenda mkahawani na neno moja la mkopo. (Na tukumbuke kwamba lugha yetu ilikuwa na kuandika chakula mezani tangu zamani, kwa neno lile lile la kuandika barua. Wazee hawakuona kwamba kazi moja ni ya chini kuliko nyingine.)

Katika hoteli moja ya pwani, ambayo sitaitaja, nilipewa orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza kutoka juu hadi chini. Samaki wa kupaka alikuwamo, lakini amevishwa jina refu ambalo mvuvi aliyemvua asingelijua. Nilimwuliza mhudumu kwa Kiswahili kama tui ni la nazi ya kukunwa au la kopo. Kijana yule alitazama nyuma kwanza, kisha akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni la kopo, na kwamba siku ya Ijumaa tu ndipo hukunwa nazi. Jibu lile lilikuwa na manufaa kuliko orodha nzima. Lakini kwa nini lilitolewa kwa kunong'ona? Kwa sababu mahali pale Kiswahili kimekuwa lugha ya jikoni, na ukweli juu ya chakula nao umebaki jikoni pamoja nacho.

Nije sasa katika huduma, ambapo dhuluma ni kubwa zaidi. Zamani za ukoloni mtu mzima mwenye mvi, mwenye wake na wajukuu, aliitwa boi alipobeba sahani. Neno limekufa, lakini twajua kwamba tabia haikuzikwa pamoja nalo. Wako wasomi wanaopiga makofi au kugonga bilauri kwa kijiko ili kumwita mhudumu, nao ndio wa kwanza kusema kwamba huduma ni mbovu. Kipimo chao ni kutabasamu na kuinama. Mimi nasema kipimo hicho ni cha bwana na mtumwa. Mila ya pwani inatupa kipimo kingine, nacho kina adabu ya pande mbili: mgeni anawishwe mikono kabla na baada ya kula, chakula kije kingali na moto, mkubwa asipitwe, mlaji asiharakishwe kuinuka, na mlaji naye amsalimu anayemletea, amshukuru, wala asimtume kama mshale. Huyu asiyesalimu ana haki gani ya kuhukumu adabu ya mwingine?

Malalamiko makubwa ni kukawia. Lakini kukawia kuna aina zake. Samaki wa kupaka huokwa kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa tui lililopikwa na viungo, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Mtu anayemwagiza na kumtaka baada ya dakika kumi anaagiza samaki wa jana bila kujua. Ugali ukawiao nusu saa ni habari nyingine, kwani ugali hausongwi nusu saa. Hapo pana uzembe, na mlaji ana haki ya kuusema. Mwenye kuhukumu hapana budi ajue kazi inayofanywa nyuma ya ukuta, ama sivyo anamhukumu mhudumu kwa makosa ya mpishi, na mpishi kwa makosa ya mwenye nyumba aliyenunua makaa machache. Katika mkahawa mmoja mjini, mteja alipoondoka bila kulipa, thamani ya chakula chake ilikatwa katika mshahara wa aliyemhudumia. Mtumishi wa namna hiyo, anayehesabu meza zake kwa hofu, atawezaje kutabasamu? Na anayeandika huduma mbovu juu yake ameandika nini, ila kumwongezea tajiri sababu ya kukata tena?

Kuhusu mama ntilie, hukumu hutolewa bila hata kuonja. Jina hili lilizaliwa kinywani mwa walaji wenyewe: mama, nitilie. Baadaye pakaja jina la mama lishe, kwa nia ya kumpa heshima. Mimi napenda lile la kwanza, kwa kuwa ndani yake wamo watu wawili, aombaye na apakuaye, hali la pili lasikika kama lililotoka ofisini. Mama huyu huambiwa ni mchafu. Pengine ni kweli. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 na kuenea mikoani, wakuu walikuwa na haki ya kutazama vyakula vya njiani. Lakini uchafu ni jambo la kuchunguzwa: maji ya kuoshea sahani yametoka wapi, hubadilishwa mara ngapi, chakula kimefunikwa, mlaji amepewa maji ya kutiririka ya kunawa au wote hutia mikono katika beseni moja? Maswali haya yana majibu, na majibu yake hutofautiana kati ya mama mmoja na jirani yake. Mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam, mama ntilie wakiwamo, sufuria safi iliondoka pamoja na sufuria chafu. Hayo ndiyo matunda ya hukumu ya jumla. Na maswali yale yale hayaulizwi katika hoteli yenye vitambaa vyeupe, kwa kuwa kitambaa kimekwisha kuyajibu.

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya anasa, kwamba mwenye njaa hali chakula kwa kamusi. Nakataa. Mchukuzi wa Kariakoo mwenye fedha ya sahani moja kwa siku hana nafasi ya kukosea. Tajiri akipata chakula kibaya ataagiza kingine. Ndiyo maana mchukuzi hujua ni mama yupi maharage yake yameiva, yupi hupakua kwa upawa uliojaa, yupi wali wake wa leo ni kiporo cha jana kilichopashwa moto. Hukumu zake huzisema wazi mbele ya sufuria, kwa maneno yenye maana, na mama huzisikia, huzijibu, na kesho hurekebisha au hukosa wateja. Huko ndiko uhakiki wa chakula uliko hai katika lugha hii, nasi wenye shahada hatujautilia maanani wala kuukusanya.

Ningependa, basi, kwamba mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aache kwa muda mashairi yaliyokwisha kuhakikiwa mara kumi, aende na daftari akakae benchi moja na wachukuzi wale kwa miezi mitatu. Aandike kila neno la kusifu na la kulaumu, nani amelisema, kwa chakula gani, na mama alijibuje. Nauli ya daladala itamtosha, na chakula cha mchana atakipata huko huko.